Kumsaidia mteja abadili tabia: mwongozo wa maneno ya kikaoni, hatua kwa hatua

Neno "mshauri" lina mtego. Anayeitwa hivyo huhisi kazi yake ni kutoa ushauri, na mteja naye huja akiwa amejiandaa ama kuupokea au kuukwepa. Lakini mtu anapotaka kuacha sigara, kupunguza pombe, kumeza dawa kwa wakati au kulala mapema, sentensi yenye nguvu zaidi kikaoni ni ile anayoitamka mwenyewe. Kazi ya mshauri ni kuuliza na kujibu kwa namna itakayoitoa sentensi hiyo, kisha kuhakikisha mteja ameisikia.

Mbinu nyingi zilizomo humu zinatokana na mazungumzo ya kuhamasisha, yaani yale yanayomwezesha mteja kutaja mwenyewe sababu zake za kubadilika, ambayo mwanasaikolojia William R. Miller aliyaandikia kwa mara ya kwanza mwaka 1983 baada ya kufanya kazi na watu wenye tatizo la pombe, kisha akayaendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Chache zimetoka kwenye tiba nyingine, na zitatajwa zinapofika.

Hatua ya 1: Zuia ulimi

Mteja huja na nia mbili kwa wakati mmoja: anataka kuacha, na anataka kuendelea. Ukiukamata upande wa kuacha, unamwachia upande mmoja tu wa kuutetea. Tazama:

Mshauri: Sigara zitakumaliza. Lazima uache.
Mteja: Babu yangu alivuta mpaka miaka 90.
Mshauri: Huyo ni mmoja. Na watoto wako je?
Mteja: Sivuti mbele yao.

Kwa maneno machache hayo, mteja ametoa hoja mbili za kuendelea kuvuta, tena kwa sauti yake. Daryl Bem, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza miaka ya 1960 kwamba mara nyingi watu huutambua msimamo wao kwa kujitazama wanachotenda na kusikia wanachosema. Kwa hiyo mshauri huyu, kwa nia njema kabisa, amemfanyisha mteja mazoezi ya kuitetea sigara.

Dalili ya kwamba umeanza kuvuta kamba ni "ndiyo, lakini…". Ukiisikia mara mbili mfululizo, legeza. Dalili nyingine ni ngumu zaidi kuiona kwa sababu inafanana na mafanikio: "sawa". Mteja anayesema sawa, sawa, sawa huenda anakuheshimu tu, au anataka kikao kiishe. Hesabu "sawa" kama ukimya, kisha uliza: "Katika hayo tuliyosema, lipi halikukaa vizuri kwako?"

Hatua ya 2: Kubalianeni juu ya tabia moja

Dakika tano za mwanzo zinatosha. Mteja akija na mambo manne, yataje yote manne kwa ufupi, kisha umuulize aanze na lipi. Achague yeye. "Kuishi vizuri" si tabia. "Kunywa bia tano kila Ijumaa" ni tabia. Kitu kisichohesabika hakina mpango.

Hatua ya 3: Uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana

"Unataka kuacha?" hujibiwa kwa neno moja, nalo ni lile mteja analodhani unalitaka. "Ukiacha, ni nini kitakachobadilika?" hulazimisha sentensi. Tofauti ndogo za maneno zina uzito hapa. "Kuna kingine?" huleta "hapana". "Nini kingine?" huleta jambo la tatu au la nne, ambalo mara nyingi ndilo lenyewe.

Kuwa mwangalifu na "kwa nini". Ukilielekeza kwenye kosa ("kwa nini ulikunywa tena?") linasikika kama la mzazi au polisi, na mteja atajitetea. Badilisha: "Ilikuwaje jioni ile?" "Ni nini kilichotangulia?" Lakini lielekeze kwenye mabadiliko ("kwa nini umeamua kuja sasa, si mwaka jana?") na utetezi anaoutoa utakuwa utetezi wa kubadilika. Neno ni lilelile. Mwelekeo wake ndio unaoamua mteja atatetea nini.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno. Mshauri mchanga huuliza swali zuri, huogopa ukimya, kisha hulifunika kwa swali baya: "Ukiacha, ni nini kitakachobadilika? Labda afya?" Mteja atajibu "ndiyo, afya", na swali la kwanza limekufa.

Hatua ya 4: Rudisha alichosema, kwa kauli na si kwa swali

Huu ndio ufundi wenyewe, na ndio unaochukua muda mrefu zaidi kujifunza. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliujengea msingi katika miaka ya 1940 na 1950: msikilizaji anasema kile anachoamini mteja amekimaanisha, bila kuhukumu wala kuongeza ushauri.

Kiswahili kina hatari yake hapa. "Umechoka" na "Umechoka?" hutofautiana kwa kiimbo tu. Sauti ikipanda mwishoni, umeuliza, na mteja atajibu ndiyo au hapana kisha asubiri swali lijalo. Sauti ikishuka na kutulia, umesema jambo, naye ataliendeleza au kulirekebisha. Jirekodi ukisema "Unaogopa kushindwa" mara tano, uhakikishe silabi ya mwisho haipandi. Na usitangulize "kwa hiyo unasema kwamba…" kila mara. Ikifika ya tatu mteja ataisikia kama mashine.

Kurudisha kuna viwango viwili. Kwa kile cha kawaida unarudia maneno yake karibu yalivyo. Kwa kile cha ndani unasema alichokiacha bila kukitaja.

Mteja: Mke wangu ananisumbua kila siku kuhusu pombe.
Kawaida: Anakusumbua sana.
Ndani: Umechoka kusemwa, na ungependa uamuzi huu uwe wako.

Cha pili kinaweza kukosea. Hakuna hasara: mteja atasema "si hivyo, ni kwamba…" na atakupa habari ambayo swali lisingeitoa.

Uzito wa neno nao hupimwa. Mteja akisema amekasirika, nawe ukarudisha "imekuudhi kidogo", atakwambia: "Kidogo? Iliniwasha!" Ukiipunguza kidogo, anaendelea kueleza. Ukizidisha ("umejaa chuki"), anarudi nyuma: "Hapana, si chuki." Kwa hisia, kosea kwa upande wa upungufu. Kwa hoja za kubaki na tabia, unaweza kuzidisha kidogo kwa makusudi ("Sigara haina ubaya wowote kwako") ili yeye mwenyewe aivute nyuma. Hii ni dawa kali. Ikiwa na chembe ya kejeli usoni au sautini, umempoteza.

Kwa nia mbili, tumia kauli yenye pande mbili. Anza na upande wa kubaki, malizia na upande wa kubadilika, na uziunganishe kwa "na" au "huku", si "lakini". "Sigara inakutuliza ukitoka kazini, na sasa pumzi inakukatika ukipanda ngazi." Ukiweka "lakini" unaifuta nusu ya kwanza, naye ataona hukumwelewa. Mpangilio nao una sababu: watu huendelea kutoka pale sentensi ilipoishia. Maliza kwa "…lakini inakutuliza", na dakika tatu zijazo zitakuwa habari za utulivu.

Hatua ya 5: Sikiliza vitenzi

Mteja akizungumza, sikio la mshauri huchambua maneno ya kubadilika na maneno ya kubaki. Ya kubadilika yana madaraja, na Kiswahili huyaonyesha waziwazi ndani ya kitenzi.

Daraja la chini ni maandalizi. Hamu: "natamani", "ningependa". Uwezo: "naweza", "niliwahi kukaa wiki mbili bila". Sababu: "nikiacha nitalala vizuri". Haja: "inabidi", "sina budi". Daraja la juu ni ahadi na vitendo: "nitaacha", "niko tayari", "nimeshatupa pakiti iliyobaki". Kati ya "ningeacha" na "nitaacha" kuna silabi moja tu, na ndani yake kuna kazi ya vikao viwili au vitatu. "Nitajaribu", "tutaona" na "labda" hukaa katikati. Usizidharau, na usizichukue kama ahadi.

Mwaka 2003, Paul Amrhein na wenzake walichapisha uchambuzi wa maneno ya watu waliokuwa wakitibiwa matumizi ya dawa za kulevya. Lugha ya ahadi iliyozidi kupata nguvu kuelekea mwisho wa kikao ndiyo iliyoambatana na kuacha. Kwa hiyo usisisimke na "nitaacha" ya dakika ya pili. Sikiliza ya dakika arobaini.

Neno la kubadilika likitoka, usilipite. Omba mfano: "Niambie mara ya mwisho pumzi ilipokukatika." Au lirudishe kama lilivyo. Au tambua alichofanya kwa kukitaja: "Ulikaa saa nne bila kuvuta, na wenzako wote walikuwa wanavuta." Hiyo ina nguvu kuliko "hongera", kwa sababu hongera ni alama ya mwalimu, kutaja tendo ni ushahidi ambao mteja hawezi kuukana. Mwisho kusanya mawili matatu katika muhtasari wa sentensi tatu au nne, ukitumia maneno yake hasa. Alisema "kifua kinapiga filimbi"? Sema filimbi. Usimbadilishie ikawa "matatizo ya upumuaji".

Hatua ya 6: Kipimo cha 0 hadi 10

"Kutoka 0 hadi 10, jambo hili lina umuhimu kiasi gani kwako sasa?" Tuseme amejibu 4. Swali linalofuata ndilo lenye kazi: "Kwa nini 4, si 1?" Atajibu kwa sababu za kubadilika. Ukiuliza "kwa nini si 8?" atajibu kwa vikwazo, nawe utakuwa umeviomba. Kisha: "Ni nini kingeifikisha 5?" Rudia kipimo hichohicho kwa kujiamini: "Ukiamua leo, unajiamini kiasi gani kwamba utaweza?"

Namba hizo mbili husomwa pamoja. Umuhimu 9 na kujiamini 2 ni mtu asiyehitaji sababu zaidi. Anahitaji mbinu na hatua ndogo. Kumwonya kuhusu madhara ni kumzamisha. Umuhimu 2 na kujiamini 9 ni mtu asemaye "nikitaka naacha", na kwake mpango wa utekelezaji ni mapema mno. Akisema 0, usibishane. Muulize ingetokea nini ndipo afike 1.

Hatua ya 7: Majina anayojipa

"Mimi ni mlevi." "Mimi ni mzembe." Ubishi ("la, wewe si mzembe") hauna faida, kwani ana ushahidi wa miaka. Njia tatu hufanya kazi vizuri zaidi.

Ya kwanza ni kulitenga wazo na mtu, kama ifanywavyo katika tiba ya kukubali na kujitoa, ambayo Steven C. Hayes ni mmoja wa waanzilishi wake. Mteja aseme "mimi ni mzembe", kisha aseme "nina wazo linaloniambia kuwa mimi ni mzembe". Aseme zote mbili kwa sauti, aeleze tofauti anayoisikia. Zoezi jingine ni kulirudia neno "mzembe" harakaharaka kwa sekunde 30 hivi, mpaka libaki mlio tu. Linachekesha, na ndiyo maana linafaa. Usilifanye na mtu aliye katikati ya kilio.

Ya pili ni wakati wa kitenzi. "Siwezi" hufunga mlango. Rudisha kwa "-ja-": "Mpaka sasa hujaweza." Hukumkosoa, hukumpinga, umeacha nafasi mbele. Na kwa "kila siku", "siku zote", "kamwe", tafuta siku iliyokosa kufuata kanuni hiyo, kama walivyofanya Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waanzilishi wa tiba inayolenga suluhisho, kule Milwaukee, Marekani: "Wiki iliyopita, siku ipi ilikuwa afadhali kidogo? Ulifanya nini tofauti siku hiyo?"

Ya tatu ni kulitoa tatizo nje ya mtu, mbinu ya Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand. Kiswahili tayari kina mazoea hayo: hamu humshika mtu, usingizi humchukua, pombe humzidi. Uliza humohumo: "Hamu ikikushika, huanza na nini? Ni lini ilikuja ukaikwepa?" Tatizo likawa mgeni, mteja akawa mwenye nyumba.

Ila mbinu hii ina pahali inapogeuka sumu. Mtu aliyempiga mwenzake akisema "hasira zilinipanda", tayari ameshalitoa tatizo nje kupita kiasi, na ukimfuata utamsaidia kujisafisha. Hapo irudishe nafsi ya kwanza: "Hasira zilipanda. Wewe ukafanya nini?" Usiridhike mpaka kitenzi chake kianze na "ni-": nilimsukuma, nilimpiga. Sikiliza pia "ilitokea", "mlango ukavunjika". Milango haijivunji.

Hatua ya 8: Ukihitaji kutoa habari, piga hodi

Kuzuia ulimi si kuficha unachojua. Kuna utaratibu: uliza, toa, uliza. "Unajua nini kuhusu mwili unapoacha pombe ghafla?" Sikiliza. "Naweza kukuongezea jambo moja?" Toa jambo moja au mawili, si saba. "Hilo unalionaje kwa upande wako?"

Mfano wa pombe haukuchaguliwa bure. Mtu anayekunywa kwa wingi kila siku akikata mara moja anaweza kupata degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na baadaye kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Mtetemeko wa asubuhi au historia ya degedege ni sababu ya kumpeleka kwa daktari kabla ya kupanga tarehe ya kuacha. Hapo hupigi hodi, unasema wazi.

Hali kadhalika ukihisi mteja anafikiria kujidhuru. Weka kando mafumbo yote. "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hivyo hakumpandikizii wazo; kuuliza kwa kuzungukazunguka ndiko kunakompa njia ya kujibu "hapana". Akisema ndiyo, kikao cha tabia kimeishia hapo na kikao cha usalama kimeanza: ana mpango, ana njia, nani atakuwa naye usiku huu, na apelekwe wapi kwa msaada wa haraka.

Hatua ya 9: Mpango wa "niki… nita…"

Ngoja mpaka maneno ya ahadi yaanze kuzidi ya kubaki. Ukiharakisha mpango, maneno ya kubaki hurudi kwa kasi. Yakirudi, rudi hatua ya 4 bila kujilaumu. Ukiona wakati umefika, toa muhtasari, kisha uliza tu: "Sasa unaona ufanye nini?"

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango inayofunga tendo kwenye tukio mahususi. Kiswahili kimeshaitengenezea "-ki-". Kinachoiharibu ni tukio lisilo na umbo.

Mbaya: "Nikipata nafasi nitafanya mazoezi." Nafasi haina saa wala mlango, haitafika.
Afadhali: "Nikirudi jioni nitafanya mazoezi."
Nzuri: "Nikivua viatu vya kazini, nitavaa raba kabla sijakaa."

Epuka mpango wa kukanusha peke yake. "Sitashika simu kitandani" haumwambii mkono uende wapi. "Nikizima taa, nitaiweka simu kwenye meza ya sebuleni" unamwambia. Mpango mmoja, au miwili mwisho. Mteja autamke wote kwa sauti na auandike kwa mkono wake. Ukimwandikia wewe, umechukua kilichokuwa chake. Halafu kipimo cha kujiamini tena: ikiwa chini ya 7, usimtie moyo, punguza mpango. Dakika 20 ziwe 5.

Hatua ya 10: Akirudi ameteleza

"Nimeharibu kila kitu." Alan Marlatt na Judith Gordon, katika kazi yao ya mwaka 1985 kuhusu kuzuia kurudia tabia, walionyesha jinsi tafsiri hii inavyogeuza sigara moja kuwa pakiti: ikiwa nimeshaharibu, basi kuna haja gani ya kujizuia. Wengi hapa hukimbilia methali kwamba kuteleza si kuanguka. Usiiseme. Hufariji, kisha hufunga mazungumzo.

Badala yake punguza ukubwa wa tukio kwa hesabu na mpangilio. Siku ngapi kati ya 14 hakuvuta? Sigara ngapi siku ile? Nani alikuwepo, saa ngapi, ni nini kilichotangulia kwa dakika kumi? Na swali ambalo wengi husahau: "Ulivuta mbili. Ni nini kilichokuzuia ya tatu?" Jibu lake mara nyingi ndilo "niki…" ya mpango mpya.

Kujikagua

Kwa ruhusa ya mteja, rekodi kikao na usikilize dakika 20 za katikati ukiwa na kalamu. Weka alama kwa kila swali na kila kauli ya kurudisha. Ukaguzi rasmi wa mazungumzo ya kuhamasisha huhesabu kauli moja kwa kila swali kuwa kiwango cha kuanzia, na mbili kwa kila swali kuwa kizuri; pia kati ya kauli hizo, asilimia 40 ziwe za ndani, na 50 ndiyo vizuri. Mara ya kwanza wengi hukuta maswali matatu kwa kila kauli moja. Halafu pima nani amesema zaidi. Dakika 20 hizo zikiwa na dakika 12 za sauti yako, usitafute kosa kwa mteja. Rudi hatua ya 1, na kikao kijacho fanyia kazi kitu kimoja tu: kushusha sauti mwishoni mwa sentensi.